Maji Yamekwenda Wapi?

Gereji yetu ilikuwa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, pembeni mwa barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma. Magari mengi tuliyoyapokea yalikuwa yametoka kuupanda mlima Kitonga. Gari huacha joto la Ruaha Mbuyuni, likaanza kupanda kona baada ya kona nyuma ya malori ya mizigo ya Zambia na Kongo, kwa gia ndogo, injini inavuma na upepo ni haba kwenye rejeta. Kasoro iliyojificha tangu Dar es Salaam hujitokeza hapo. Ndiyo maana sisi mafundi wa Ipogolo tuliishi kwa kutibu magari yaliyochemsha.

Niliingia pale kama spana boi. Mzee aliyenifundisha hakunikabidhi spana, alinikabidhi kitambaa cheupe. Kila gari lililoingia, niliagizwa nihakikishe limesimama tambarare, injini imezimwa kwa dakika kadhaa ili oili iteremke chini, kisha nichomoe stiki, niifute, niirudishe mpaka mwisho, niichomoe tena na kumpelekea. Yeye aliinusa ile oili, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanyamaza kidogo.

Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa akikisoma. Weusi peke yake haukumshtua, kwa sababu injini ya dizeli huitia oili masizi mapema tu baada ya kubadilishwa. Alishtuka akiona oili imepanda juu ya alama bila mtu kuiongeza, au inanuka petroli, au imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ya mwisho ina maana maji yamechanganyika na oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa au hedi yenyewe imepinda.

“Mwanangu,” alikuwa akiniambia oili ikiwa imepungua, “usiniambie umeongeza. Niambie imekwenda wapi.”

Swali hilo ndilo nililolifanyia kazi miaka yote iliyofuata. Maji ya rejeta nayo yamo ndani ya mfumo uliofungwa. Yakipungua kila siku, kuna mahali yanapotokea: kwenye mpira uliochoka, kwenye pampu ya maji, au ndani kabisa ya silinda, yakatoka na moshi mweupe kwenye eksozi. Lakini madereva wetu walikuwa na dumu nyuma ya kiti, wakaliona hilo dumu ndiyo dawa. Walichota maji mtoni, wakajaza, wakaondoka. Maji ya mto huacha chumvichumvi na kutu kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na alumini ya hedi huliwa taratibu. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa huzuia kutu, na pia huchelewa kuchemka.

Kifuniko cha rejeta nakipigania mpaka leo. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima hubana msukumo ndani ya mfumo, kikapandisha kiwango hicho kwa nyuzi 20 au zaidi. Mpira wake ukikauka, faida yote hiyo hupotea, nawe utabadilisha rejeta na feni bila kupona. Na kisifunguliwe injini ikiwa ya moto! Nilimwona utingo mmoja akikifungua kwa haraka ya safari. Aliungua uso na kifua, na tulimpeleka hospitali akilia.

Wengine waliomba tuing'oe thamostati ili injini “ipoe”. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi, na petroli isiyoungua vizuri huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Thamostati mbovu ibadilishwe. Kuitupa si ufundi.

Kwa waliokuwa wakielekea Dar niliangalia zaidi mafuta ya breki, maana mteremko wa Kitonga uko mbele yao. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji ya kutosha kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. Dereva anayekanyaga breki mfululizo badala ya kushuka kwa gia huyachemsha, mvuke unaingia kwenye mabomba, na pedali inazama hadi sakafuni. Kikombe cha mafuta ya breki kinaweza kuwa kimejaa pomoni na bado hatari ikawepo, kwa hiyo nilidai yabadilishwe kila miaka miwili, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Kama yamepungua tu, nilivua magurudumu kwanza nikatazama pedi na uvujaji.

Baadaye yakaja kwa wingi magari madogo yaliyotumika Japani, yenye giaboksi za CVT. Humo ndani mkanda wa chuma hubanwa kati ya puli mbili, na oili ndiyo inayoulinda na kuufanya ushike. Nissan nyingi hutaka NS-2 au NS-3, Toyota hutaka TC au FE, kadiri ya giaboksi. Ukitia ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki za kawaida, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na mwenye gari anatafuta giaboksi nyingine.

Mama mmoja, mwalimu, alileta gari lake na kopo la oili nyekundu aliyouziwa dukani.

“Fundi, niwekee hii hii. Hela yenyewe imeisha.”

“Mwalimu, hii siitii. Gari lako linaweza kutembea wiki mbili, halafu litakuja kukulaza njiani.”

Alikasirika, na nilimwelewa, kwa sababu lile duka halikumwambia ukweli. Alimpigia kaka yake, oili sahihi ikanunuliwa Kariakoo na kutumwa kwa basi. Ilipofika tulimwaga ya zamani kwenye beseni, tukaipima, tukarudisha kiasi kile kile cha mpya, kisha tukathibitisha kimo chake giaboksi ikiwa na joto linalotakiwa. Lile kopo jekundu alilirudisha dukani mwenyewe.