Dadu Hazijui Urafiki

Ukiambia watu Nairobi kwamba Jumapili yako huishia kwa majoka na mapanga, watauliza uko na miaka mingapi. Niko na 29, na mimi ndiye refa.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji hubuni mhusika wake, kisha anasema huyo mhusika anafanya nini. Refa ndiye ulimwengu wote uliobaki: mvua, mwenye hoteli, adui, mlango uliofungwa. Jambo likiwa na mashaka, mchezaji anarusha dadu ya pande 20, anaongeza uwezo wa mhusika wake, na tunaona kama amefikisha namba inayotakiwa.

Kazi ni mob. Unakesha ukichora kijiji na kuwapa wazee wake majina, halafu wasee wanafika na kuamua hawaendi huko. Wanataka kujua bei ya mbuzi. Na kupanga siku je? Mmoja ana shifti ya usiku, mwingine amekwama Thika Road. Hakuna joka limewahi kutushinda kama kalenda.

Lakini gumu kuliko yote ni kuwa mwadilifu kwa marafiki. Marefa wengi huweka kadibodi ya kufichia dadu zao. Nyuma yake unaweza kubadilisha namba na hakuna atakayejua. Mimi hurusha mezani, kila mtu akiona. Nikikuokoa kimyakimya leo, ushindi wako wa kesho utakuwa zawadi yangu tu.

Mwaka jana msimamo huo ulinigharimu. Mmoja wetu alikuwa amefutwa kazi wiki hiyo, na alikuwa ameniambia mimi pekee. Mhusika wake, mpiga mishale mzee aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza, akaangushwa na adui wangu. Ukianguka hivyo unarusha dadu kuupigania uhai: 10 kwenda juu umefaulu, chini ya hapo umekosa, na ukikosa mara tatu umekufa. Alipata 7. Akapata 4. Meza nzima ikaniangalia, naye pia. Akarusha tena: 9.

Nikasema, "Mzee ametuacha."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa matanga ni lini?"

Hapo mimi nikakosa kazi. Ndani ya dakika kumi palikuwa na kamati na mwenyekiti. Wakabishana kama mwizi wa kundi anaweza kuaminiwa kuwa mweka hazina. Wakachanga vipande vya dhahabu, wakatuma wajumbe kwa jamaa wa marehemu, wakamkatalia adui mmoja wa zamani kutoa hotuba. Jamaa yetu alicheka hadi machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Ndipo akawaambia wengine kuhusu kazi.

Mchango wa pili jioni hiyo ulipitia M-Pesa.

Sikuwa nimeandaa hata sentensi moja ya hayo yote, na ndiyo sababu bado nakesha nikichora vijiji ambavyo hakuna atakayevitembelea.

Tulipokutana tena, alikuja na mhusika mpya: binti ya marehemu, amefika kudai hesabu ya michango.