Somo la simu chini ya mkorosho

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara wa kijijini, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu uliopita, mwezi wa saba, mama mmoja wa hapa Lisekese aliniita shambani. Machipukizi ya mikorosho yake yalikuwa yamekauka nchani kama yaliyobabuliwa na moto. Nilitazama haraka, nikasema, "Mama, huu ni ubwiriunga. Piga salfa." Ule unga mweupe sikuuona, nikajiambia umepukutika. Akanijibu, "Haya bwana shamba, wewe ndiye uliyesoma." Akauza mbuzi ili akodi mashine ya kupulizia na kununua petroli. Alipiga alfajiri, upepo umetulia na umande ungalipo, kama nilivyomfundisha. Wiki mbili baadaye machipukizi yalizidi kukauka.

Siku hizo maafisa ugani tuliitwa kwenye mafunzo kwa njia ya mtandao. Sikuyataka. Kwangu mimi mafunzo yalikuwa ni kwenda Mtwara, kilomita kama 200 kutoka Masasi, kulala huko na kurudi na daftari jipya. Na posho pia, tusifichane. Nikakaa chini ya mkorosho, mahali mtandao unaposhika, nikawa nasikiliza nusunusu.

Mwezeshaji akauliza nani ana tatizo shambani wakati ule. Nikatuma picha. Akasema haioneshi kitu, nenda ukapige nyingine kwa karibu. Nikawasha pikipiki. Picha ya pili ilipofika, akaniuliza kama nayaona yale madoa meusi marefu kwenye vijiti laini. Nikayaona, na mwili ukanisisimka. Alikuwa mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu wa machipukizi na maua. Salfa hutibu ukungu wa ubwiriunga, mdudu huyu haimpati. Kesho yake asubuhi tuliwatafuta na mama, tukawakuta.

Ningekuwa ukumbini Mtwara, mkorosho ungebaki Lisekese, na mimi ningerudi na picha za mikorosho ya watu wengine.

Nilimwomba mama radhi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na mbuzi wangu?" Mpaka leo sina jibu.

Tangu siku ile tumeanza utaratibu wetu. Si kila mtu ana simu kubwa, basi watu kumi wanakaa kwenye simu moja, wanachangia bando. Nawatumia maelezo kwa sauti, kwa sababu wazee wengi hawapendi kusoma maandishi madogo, na sauti unaweza kuirudia hata mara tano bila kumwonea mtu aibu. Mzee mmoja aliirudia ya maji moto mpaka wajukuu wakaikariri: wale sisimizi wekundu wanaoshona majani huwinda mbu wa mikorosho, usichome viota vyao. Zamani alikuwa akivichoma kila mwaka.

Kwa wafanyabiashara, video ya kukata korosho na kukagua kokwa imesaidia kuliko maneno yangu yote. Ukishaona kokwa nzuri na iliyooza zikiwa pamoja, hudanganywi kirahisi, na wewe pia humdanganyi mkulima.

Simu ina mipaka yake. Kupogolea huwezi kujifunza bila kushika msumeno, na kuendesha mashine ya kupulizia lazima mtu asimame nawe, akuoneshe upepo unatoka wapi na jinsi ya kujikinga na vumbi. Kwa hayo bado nitakuja mwenyewe.

Ukiona chipukizi limekauka, usininunulie maneno. Piga picha mbili: moja ya mti mzima, nyingine ya kijiti kwa karibu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Nitumie kabla hujalipa pesa ya dawa. Kama sijui, nitaituma kwa wanaojua, na usiuze kitu chochote mpaka jibu lirudi.