Likizo ya Yaya Kule Malta



Juma hili sitawaandikia juu ya masomo ya watoto. Nitawaelezea namna nilivyopanga likizo ya siku saba kwenye kisiwa cha bahari ya Mediterania, mimi niliye hapa Bukavu na ambaye sijapanda ndege hata siku moja.

Dada yangu mkubwa anaishi Liège, Ubelgiji, pamoja na watoto wake watatu. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Miaka sita ilipita bila yeye kupumzika hata juma moja, mpaka daktari akamwambia kwamba damu yake inapanda na kwamba lazima atoke nyumbani apumzike. Akanitumia vokali: “Mdogo wangu, wewe unafundisha jeografia. Mimi sina hata nafasi ya kutazama karata. Nitafutie mahali penye jua, pasiwe mbali, na feza zisipite nguvu yangu. Watoto wanataka bahari.”

Nilichagua Malta. Ni nchi ndogo iliyo kusini ya Sicilia, yenye visiwa vitatu vinavyokaliwa na watu: Malta, Gozo na Comino. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 27 tu. Idjwi yetu ni ndefu kukipita. Kwa mama mwenye watoto hiyo ni faida, maana hakuna safari ya kumaliza siku nzima ndani ya gari. Kutoka Ubelgiji ndege inafika kwa muda wa saa tatu hivi. Wanatumia euro tangu 2008, na wako katika Schengen tangu 2007. Kwa hiyo yaya, mwenye kadi ya kukaa Ubelgiji, hakuhitaji viza nyingine. Pasipoti na ile kadi vinatosha, mradi siku zake hazijaisha. Tulipotazama, pasipoti ya mtoto wa pili ilikuwa imebakiza majuma matano! Tulishughulikia hiyo kwanza, kabla ya kulipa hata euro moja. (Sisi wa hapa tungehitaji viza ya Schengen: ombi linapelekwa kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30 000.)

Yaya alitaka kwenda Julai. Nikamwambia hapana. Julai na Agosti joto la Malta linapita nyuzi 30, wageni ni wengi na bei zinapanda. Tangu 2022 shule za Kifaransa za Ubelgiji zina likizo ya majuma mawili kuelekea mwisho wa Oktoba. Akaogopa kwamba maji yatakuwa baridi. Hapo jeografia ilisaidia: bahari inapata joto polepole, na inalipoteza polepole, kama chungu kikubwa kinavyobaki na moto hata makaa yakizimika. Mwezi wa tano jua la Malta linawaka, lakini maji bado ni ya nyuzi 18 au 19. Mwisho wa mwezi wa kumi maji yana nyuzi 22 au 23. Ubaya wake ni kwamba mvua inaweza kunyesha ghafla, na hilo nilimwambia.

Mama yetu aliposikia jina la Malta, alifurahi. Yeye aliijua kabla yangu, kwa sababu ya habari ya merikebu ya Paulo iliyovunjika pale, katika Matendo ya Mitume. Lakini akauliza: “Si ndiyo ile bahari inayokula vijana?”

Sikumdanganya. Ndiyo ile ile. Mashua zinazotoka Libya na vijana wa Afrika zinapita katika maji ya upande ule. Tarehe 3 Oktoba 2013 watu zaidi ya 360 walikufa karibu na Lampedusa, kisiwa cha Italia kisicho mbali na Malta. Nikamweleza kwamba yaya atakwenda kwa ndege, na karatasi zake mkononi. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Basi mwambie, maji yasipite kiuno cha watoto.”

Kwa sababu ya neno hilo nilitafuta vizuri. Sehemu kubwa ya pwani ya Malta ni mawe, na mahali pengine maji ni marefu tangu ukingoni. Nikapata Għadira, upande wa Mellieħa: pana mchanga mwingi, na mtoto anaweza kutembea mbali kabla maji hayajafika kifuani.

Sasa niwaambie kosa langu. Mahali pa kulala nilichagua nyumba ndogo yenye jiko, maana ndiyo ilikuwa bei nafuu. Nikaandika kila kitu kama mwalimu: asubuhi yaya atapika uji, saa sita atafunga mikate, Jumapili ataenda soko la samaki la Marsaxlokk, jioni atakaanga. Nilikuwa ninajivunia mpango huo. Siku mbili hakujibu. Kisha vokali ikafika: “Asante, mdogo wangu. Lakini nimesoma yote. Kila siku ninaamka kupika, ninarudi kupika. Jiko langu umelihamisha tu, umelipeleka Malta.”

Hoteli ndogo yenye chakula cha asubuhi na cha jioni ilizidi kwa euro 240. Kiasi hicho nilikifahamu. Ndicho anachotuma kila mwaka masomo yanapoanza, kwa minervali ya watoto wa kaka yetu walio sekondari na kwa dawa za mama. Nikafungua telefone, nikahesabu ujumbe niliomwandikia tangu Januari. Kumi na tisa ulikuwa wa kuomba. Hata mmoja haukumuuliza kama amelala.

Jumapili tukakutana nyumbani kwa mama. Kaka akasema atalipa minervali kwa vipande viwili. Mimi, zamu yangu ya likelemba ilikuwa Desemba. Mwenzangu mmoja wa kundi akakubali tubadilishane, nipate Oktoba. Mama, ambaye anauza sambaza, akasema: “Dawa zangu nitajinunulia.” Tukamwandikia yaya: mwaka huu usitume kitu. Nenda ukale kilichopikwa na mtu mwingine.

Nikapanga upya. Katika siku saba niliweka matembezi matatu tu. La kwanza Valletta, mji mkuu, ulioanza kujengwa 1566. La pili Gozo, kwenye mahekalu ya mawe ya Ġgantija, ambayo ni ya zamani kuliko piramidi za Misri. Feri inavuka kwa dakika 25 hivi. La tatu Marsaxlokk, kutazama mashua zilizochorwa macho, bila kununua samaki. Siku nyingine niliziacha wazi. Nikamkumbusha pia kwamba Malta hakuna treni, watu wanapanda basi. Kwamba magari yanapita kushoto, kwa hiyo watoto watazame vizuri wanapovuka barabara. Na kwamba matundu ya umeme ni ya Kiingereza, kwa hiyo shaja ya Ubelgiji haiingii bila kiunganishi.

Siku ya tatu alinipigia. Watoto walikuwa wanahesabu kwa Kimalta: sitta, sebgħa, na tisa wanaita disgħa. Lugha hiyo ilizaliwa na Kiarabu, na Kiswahili kiliazima maneno mengi kwa Kiarabu. Ndiyo sababu bahari kule ni baħar na dunia ni dinja. Yaya alicheka: “Hata huku ninasikia kwetu.” Siku ya tano mvua ilinyesha kutwa nzima. Hakulalamika. Alisema alilala mpaka saa nne asubuhi, na alipoamka watoto walikuwa wamekwisha kula.

Wamama, wengi wetu tuna ndugu ng’ambo, na tunafikiri Ulaya ni kupumzika kwenyewe. Kabla ya kumwandikia ndugu yako juu ya mabati au minervali, muulize kwanza mara ya mwisho alilala lini. Nanyi mnaopanga kupeleka watoto Idjwi au Uvira vakansi ijayo, andikeni katika mpango wenu, pamoja na bei ya mashua, jina la atakayepika. Kama kila siku ni jina la mama, pangeni upya.

Yaya amerudi kazini, damu imeshuka kidogo. Mimi ninadaiwa zamu ya Desemba, na nitailipa.