Mkwaruzo Uliokatika Alasiri

Wapo wanaoamini kwamba mwanafunzi wa fasihi hana la kutafuta penye nyaya na risasi ya kulehemu. Tajriba ya kutengeneza pedali ya gita pamoja na mdogo wangu imenifunza vinginevyo: kutafuta hitilafu ni aina ya usomaji, na katika usomaji ushahidi hutangulia hukumu.

Pedali hiyo ni kijisanduku kinachokanyagwa kwa mguu ili sauti safi ya gita igeuke kuwa mkwaruzo mnene. Tuliiga saketi ya Fuzz Face, iliyoanza kuuzwa na Arbiter jijini London mwaka 1966 na kuvumishwa na Jimi Hendrix. Moyo wake ni transista mbili za gerimani, elementi iliyotumiwa na John Bardeen na Walter Brattain kuundia transista ya kwanza mwaka 1947, kabla silikoni haijatawala. Zetu, aina ya AC128, tulizitoa katika redio kuukuu ya marehemu babu. Hatukuwa na nyingine. Kuziunguza kungekuwa kupoteza kifaa na kumbukumbu kwa mpigo mmoja.

Asubuhi pedali iliimba. Alasiri, chumba kilipopata joto, noti zilikatika kabla ya kumalizika, mithili ya mtu anenaye huku amekabwa koo. Mdogo wangu alitaka kung'oa kila kitu. Nilimsihi tupime kwanza, kwani mwenda pole hajikwai.

Tulianza na betri: volti 9 kamili. Tukafuata njia ya sauti kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea. Viungo vyote vilikuwa imara. Tukakagua kapasita zenye ncha chanya na hasi, maana transista hizi ni za PNP na upande chanya wa betri ndio unaounganishwa na ardhi ya saketi, kinyume cha vifaa vingi. Nazo zilielekea zilikostahili. Ndipo tukagusisha mita kwenye kolekta ya transista ya pili. Hapo hutarajiwa takriban nusu ya volti za betri, yaani 4.5, ili wimbi la sauti lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Mita ilisoma 6.

Naam, hakuna kilichokuwa kimekufa. Gerimani huvujisha mkondo, na joto huuzidisha mvujo huo. Transista ya kwanza ilipovuja, iliipunguzia ya pili mkondo wake. Volti zikahama na wimbi likakatwa upande mmoja.

Tuliihamishia nafasi ya kwanza ile transista iliyovuja kidogo, tukibana miguu yake kwa koleo ili chuma kinyonye joto la kulehemu. Mahali pa rezista ya kiloomu 8.2 tukaweka inayorekebishika. Tukangoja transista zipoe, kisha tukaizungusha polepole hadi mita ikasoma 4.5. Mkwaruzo ukarejea, mzito na mrefu.

Mhakiki naye akikuta mshororo wenye mizani 15 alipotarajia 16, aghalabu humlaumu mtunzi papo hapo. Heri aulize kwanza: je, neno hili hutamkwaje katika lahaja ya mtunzi? Je, mchapaji hakuangusha silabi? Huenda shairi ni zima, ila limepimwa katika joto lisilo lake.