Risasi Zilizo Nyumbani Kwetu

Msomaji mwenzangu, Kiswahili kina neno moja linaloninyima usingizi. Risasi. Risasi ni madini mazito, laini, ya kijivu. Risasi ndiyo hiyo hiyo itokayo kwenye bunduki ikaacha kilio. Halafu ipo kalamu ya risasi, ambayo ndani yake hamna risasi hata chembe, ni grafiti na udongo tu! Hata kwa Waarabu, tulikolitoa neno hili, madini na risasi ya bunduki ni ndugu wa tumbo moja.

Mimi ni kijana wa kidato cha nne, kazi sina, riwaya ninayo. Ndani yake yumo mzee anayesubu risasi za bastola nyumbani kwake, Marekani, ambako watu wengi hufanya hivyo kama burudani. Kijiweni wananicheka: "Wewe wa Tanga, Marekani unaijulia wapi?" Nawajibu kuwa kuuliza si ujinga. Basi nikauliza, nikasoma.

Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Sentigredi, lakini ni laini mno, hata ukucha huiachia alama. Ikipita kwa kasi kwenye mtutu hubaki imeganda humo. Kwa hiyo mafundi huichanganya. Hutia bati kidogo, si lile la kuezekea bali la kulehemia, ili uji wa madini ujaze kila kona ya kalibu. Hutia na antimoni, ili ukipoa uwe mgumu. Na ugumu wanaupimaje? Wengine hukwaruza kwa penseli, moja baada ya nyingine, mpaka wapate inayokwangua. Yaani kalamu ya risasi ndiyo inayoipima risasi! Hapo nilicheka peke yangu.

Kicheko kilikatika nilipojua wanakoyapata madini. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia Linotype, mashine ya Ottmar Mergenthaler iliyosubu mstari mzima wa maneno kwa mara moja. Mchanganyiko wake ulikuwa risasi kama asilimia 84, antimoni 12 na bati 4. New York Times waliitumia kwa mara ya mwisho usiku wa kuamkia tarehe 2 Julai 1978, wakahamia kompyuta. Mashine kama hizo zilipokufa, madini yake yaliuzwa chakavu, na wasubuji wa risasi wakayachangamkia. Mistari ya habari ikaishia kwenye bastola.

Nasema haya kwa kuwa mjomba wangu alikuwa mpanga chapa, wa kupanga herufi moja moja kwa mkono. Kiwanda chake kilipofungwa, mshahara wa mwisho alilipwa sanduku la herufi.

"Shikamoo mjomba. Lile sanduku bado lipo?"

"Marahaba. Lipo, na mvuvi mmoja analitaka, ayeyushe chubwi za mishipi. Pesa yake itatosha kuchapisha mswada wako, bwana mwandishi."

Moyo uliruka. Kurasa 312 za mkono, hatimaye zipigwe chapa! Kisha nikauliza atayeyushia wapi. Hapa hapa uani, kwenye jiko la mama. Uani ambako mtoto wa dada anatambaa, na kila anachookota anakitia mdomoni.

Risasi ni sumu, jamani. Huingia mwilini kwa moshi na vumbi, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kule Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliathirika na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hata wale wazee wa Marekani walio makini husubu penye hewa, hunawa mikono, na watoto hawasogei.

"Niwie radhi mjomba," nikasema. "Hapa uani haiyeyushwi."

Alinitazama kwa muda. "Mvuvi hana kwingine. Basi na mswada wako ukae."

Mswada umekaa. Sanduku limefungwa turubai, liko juu darini, mtoto hafikii. Mjomba bado hajanichangamkia kama zamani, nami sijutii.

Wenzangu mnaoshika kalamu, ulizeni kila kitu kinavyotengenezwa, na nani anasimama karibu na moto wake. Mzee wa riwaya yangu alikuwa na bastola tu na maneno makali, hakuwa mtu. Sasa nimempa mjukuu wa miaka mitatu, anayesukuma mlango wa gereji huku sufuria iko motoni. Sura hiyo naiandika upya, kwa penseli. Tukijaliwa, mtaisoma.