Pesa imefika, mimi je?

Nimekuwa kimya tangu Desemba, na sababu ni nzuri: nilikwenda nyumbani. Wanaonijua watacheka, maana Krismasi tatu mfululizo nilizila Nairobi, nikichunga seva.

Kazi yangu ni kuandika programu za kupokea malipo ya simu. Ofisi iko Westlands, chumba changu kiko Kangemi, na katikati ni matatu moja tu ya Waiyaki Way. Desemba watu hulipa na kutumiana pesa kuliko kawaida, kwa hiyo lazima mtu abaki zamu. Mimi sina mke wala watoto, basi kila mwaka zamu iliniangukia, na kusema kweli sikulalamika. Nilimtumia mama pesa ya kuku, ya unga na ya mafuta, akanijibu imefika, nami nikarudi kwenye kompyuta nikijiona mtoto mwema.

Baba yangu hakuwa na njia hiyo. Yeye alifanya kazi Industrial Area, na nakumbuka akishuka kwenye basi usiku, pesa ya Krismasi akiwa ameificha ndani ya soksi. M-Pesa ilianza Machi 2007, nikiwa bado shule ya msingi. Kabla ya hapo, mwenye pesa ya kupeleka nyumbani aliibeba mwenyewe au alimpa dereva bahasha na kumwomba Mungu. Wengi waliona heri kwenda wenyewe. Tangazo la kwanza la M-Pesa lilihimiza watu watume pesa nyumbani, na mimi nililitii vizuri sana.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni mwa Desemba nilipitia kwa binamu yangu anayeuza mboga sokoni Kangemi. Huku akinikatia sukuma akaniuliza, "Zile pesa za mama ulishamrudishia?" Nikauliza pesa gani. Akanyamaza, halafu akasema alidhani najua.

Kumbe mwezi wa tisa mama alitapeliwa shilingi 8,400. Ilikuwa pesa ya mabati niliyomtumia asubuhi hiyo hiyo. Mchana uliingia ujumbe mwingine kama ule wa kwanza, kisha akapiga mwanamke anayelia: amekosea nambari, mtoto yuko hospitali, tafadhali mama nirudishie. Mama akamhurumia, akatuma. Pesa aliyotuma ilikuwa yangu, kwa kuwa ule ujumbe wa pili ulikuwa wa uongo. Huu ni ujanja wa kale, wengi wenu mnaujua. Mimi ninayekula kwa kazi ya malipo ya simu sikuwahi kumweleza mama yangu.

Siku iliyofuata niliomba likizo. Mkubwa wangu alikunja uso, lakini akanipa.

Tarehe 22 nikaenda River Road kutafuta basi. Nauli ya shilingi 1,500 ilikuwa imefika 2,800, na makanga hakutaka hata kubishana. Watu walikuwa na magodoro, mitungi ya gesi, mikate iliyofungwa kwenye maboksi. Tulitoka mjini kwa shida, tukapita Westlands inapoishia ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, na baada ya saa mbili ndipo tukafika Kangemi, hatua chache kutoka mlangoni kwangu! Kumbe ningelisubiri basi nikiwa nimelala. Kisha Nakuru, Kericho, Kisumu, na kulipopambazuka tukawa tunapanda kuelekea Mbale, kule kwetu Vihiga.

Jioni, baada ya salamu na chai, nilimuuliza, "Mama, mbona hukuniambia?"

Hakukasirika. Alisema, "Ningekuambia saa ngapi, mwanangu? Ukipiga unauliza kama pesa imefika. Nikisema imefika, unasema haya Mama, niko kazini."

Sikuwa na jibu.

Kesho yake nikaketi kando yake, nikamwomba anionyeshe anavyosoma ujumbe wa pesa. Simu yake ni ile mulika mwizi. Aliishika mbali, urefu wa mkono, akatafuta palipoandikwa Ksh, akasoma tarakimu, akafunga. Basi. Salio liko chini na hakuwahi kushuka mpaka huko. Mengine yote yalikuwa Kiingereza. Nimesoma sayansi ya kompyuta miaka minne, na sikuwahi kumtazama mama yangu akitumia simu hata dakika tano.

Tuliingia kwenye menyu ya M-Pesa tukabadilisha lugha ikawa Kiswahili. Nilimwonyesha kwamba ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, haujii kwa nambari ya mtu. Nikamwonyesha kuangalia salio mwenyewe kabla ya kumwamini yeyote. Mtu akisema amekosea, usimrudishie. Mwambie aupeleke ujumbe wake 456, pesa irudishwe kwa njia halali. Na ujumbe wa tapeli utume 333. Aliandika yote kwa kalamu nyuma ya kalenda. Kufikia tarehe 26 majirani walikuwa wameniletea simu 11, na wawili walikuwa wameliwa kwa njia ile ile wakanyamaza kwa aibu.

Jambo moja kwa wapenzi wa teknolojia: ujumbe mfupi wa kwanza duniani ulitumwa tarehe 3 Desemba 1992 na mhandisi kijana, Neil Papworth, kutoka kwenye kompyuta. Ulisema Krismasi njema. Simu iliyoupokea haikuwa na uwezo wa kujibu. Nilikumbuka hayo nikiwa kwenye basi la kurudi, nikafikiria jumbe zangu za miaka mitatu.

Kazini nimebadilisha jambo moja. Jumbe tunazowatumia wateja sasa zinapatikana kwa Kiswahili, salio liko mstari wa kwanza, na kabla hatujautoa ujumbe mpya, mama anayetupikia chai ofisini anausoma kwanza. Mara mbili ametukataza.

Nyumbani napiga Jumapili jioni, na swali la pesa siliulizi kwanza. Jumapili iliyopita mama alinieleza habari za ng'ombe wa jirani kwa dakika ishirini nzima. Mabati bado hayajanunuliwa. Nimemwambia tutayanunua pamoja, Aprili, nikija kwa Pasaka.

Na wewe, ukienda nyumbani, ketini na mzee wako akuonyeshe anavyosoma simu yake. Usimnyang'anye. Tazama tu kwanza.

Haya, tuonane tena.