Visiwa Ndugu, Riziki Mbalimbali

Sisi ni watu wa Pemba, na kijana wetu mmoja ni mpishi wa hoteli huko Nungwi, Unguja. Mshahara wake wa mwezi wapita fedha apatazo mama yake kwa mwani wa miezi mitatu. Twashukuru, lakini mbona hoteli zimejazana Unguja, na Pemba, itoayo sehemu kubwa ya mwani na karafuu za Zanzibar, yabaki nyuma? Mgeni hutumia fedha pale alalapo, na ujira huzifuata.

Mwaka 2020 maradhi ya Korona yalipofunga hoteli, kijana alirudi kwetu, akala jasho la mama yake. Basi, ndugu wasomaji, je, ni haki jasho lililomlisha siku ya dhiki liuzwe kwa bei duni?